Injini Chini ya Kila Behewa: Wiki Moja na Treni za 22000 Ayalandi

Jumatatu, Dublin

Ukipita lango la tiketi stesheni ya Heuston unakuta majukwaa yamejaa treni za sura moja: pua ya njano, ubavu wa kijani na fedha, mabehewa matatu hapa, matano kule. Kichwa cha kuzivuta hakuna. Huoni wafanyakazi wakihangaika kukifungua kichwa na kukihamishia upande wa pili. Treni imeingia, abiria wameshuka, dereva ametembea na mkoba wake hadi ncha nyingine, basi, safari ya kurudi imeanza.

Nimekuja kumtembelea mdogo wangu, muuguzi hapa Dublin, na nimekuja pia kwa ajili ya treni hizi. Mimi ni fundi wa injini za dizeli Morogoro. Mabasi na majenereta ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tangu treni ya mchongoko ianze kupita mjini kwetu nimekuwa nikifuatilia kiwanda kilichoitengeneza, yaani Hyundai Rotem cha Korea Kusini, na ndipo nikagundua kwamba kiwanda hichohicho kiliwajengea Waayalandi treni zao za masafa marefu miaka mingi kabla yetu. Kasi ya juu ni ileile, kilomita 160 kwa saa. Mchongoko unachota umeme kwenye waya wa juu, hizi zinabeba dizeli yake zenyewe. Ayalandi treni za umeme ni zile za mjini tu, za ufukwe wa Dublin, zilizoanza mwaka 1984. Ukitaka kwenda mkoani, ni dizeli.

Watu wa reli wa hapa huziita ICR, yaani InterCity Railcar, na kwa namba ni treni za 22000. Oda ya kwanza, mwaka 2004, ilikuwa ya mabehewa 150. Yakaongezwa mengine hadi kufikia 234, na mwaka 2019 wakaagiza 41 zaidi ya kuingiza katikati ya treni zilizokuwa fupi. Hilo la kuingiza katikati ndilo lililonivuta. Chini ya sakafu ya kila behewa kuna injini yake, MTU ya Ujerumani, silinda sita zilizolazwa ubavu ili zienee, kilowati 360. Ukiunga mabehewa matatu una kilowati 1,080. Ukiunga matano una 1,800. Uzito ukiongezeka, nguvu nazo zinaongezeka kwa kipimo kilekile, kwa hiyo treni ndefu haichoki kuliko fupi. Kichwa cha treni hakina uwezo huo. Ukikifunga mabehewa matatu, nguvu nyingi inakaa bure huku mafuta yakiungua. Ukikifunga kumi na tano, kinapanda mlima kikihema.

Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Shemeji, wewe nenda tu kaone. Mimi huwa nalala humo."

Jumanne, Dublin hadi Sligo

Nimeanza na njia ya Sligo makusudi, kwa sababu ndiyo njia ambayo 22000 ya kwanza ilibeba abiria, Desemba 2007. Treni za huko haziondokei Heuston, zinaondokea Connolly, upande wa pili wa mji.

Jambo la kwanza lililonifurahisha ni dogo. Ukikata tiketi mtandaoni na kuchagua kiti, jina lako linaandikwa kwa taa kwenye kioo kidogo juu ya kiti hicho. Nilitembea katikati ya behewa nikisoma majina ya Kiayalandi, mara nikakuta jina langu, lenye herufi zake zote, limetulia hapo likinisubiri. Nikalipiga picha kabla sijakaa. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisukuma begi lake chini ya meza alinitazama, akatabasamu, akaniambia nisogee nipige vizuri, yeye atasubiri.

Nilichagua kiti cha katikati ya behewa ili injini iwe karibu na miguu yangu. Treni ikiwa imesimama, injini ikinguruma kidogo, ukiweka kiganja juu ya meza unausikia mtetemo. Kuondoka ndiko kuna utamu. Hakuna mshtuko. Yeyote aliyewahi kupanda treni yenye kichwa anaujua ule mgongano unaopita behewa hadi behewa, ga-ga-ga, mpaka ukufikie. Hapa kila behewa linajisukuma lenyewe kwa wakati mmoja na wenzake, na unajikuta tayari unakwenda.

Nieleze gia zilizotoka nazo kiwandani, maana mafundi wenzangu watauliza. Hakuna klachi ya kusagika. Ndani ya gia boksi kuna magurudumu mawili yenye mapanga, yanatazamana bila kugusana, na kati yake kuna mafuta. Injini inalizungusha la kwanza, mafuta yanarushwa kwa nguvu, nayo yanalisukuma la pili, ambalo ndilo limeunganishwa na ekseli. Kwa hiyo treni ikiwa imesimama injini inaweza kupandisha mzunguko bila kuumiza chuma chochote. Mwendo ukishakolea, mafuta yanahamishiwa chemba nyingine, na hapo ndipo masikio ya fundi yanapata kazi: mlio uliokuwa juu unashuka ghafla, kisha unaanza kupanda tena polepole. Nilifumba macho nikawa nahesabu kwa masikio. Kutoka Maynooth kwenda mbele niliweza kukisia mwendo bila kutazama nje.

Lakini kutotazama nje ni dhambi kwenye njia hii. Reli inafuata mfereji wa Royal Canal kutoka Dublin hadi Mullingar, karibu sana, hivi kwamba dirisha la upande mmoja limejaa maji kwa kilomita nyingi. Malango ya mbao ya kupandishia na kushushia boti yanapita moja baada ya jingine. Baada ya Mullingar mfereji unaachana nawe, linakuja ziwa la Owel, na reli inapita ukingoni mwake kabisa. Halafu mashamba, ng'ombe, kuta za mawe, Longford, Carrick-on-Shannon, Boyle. Njia ni moja tu kuanzia Maynooth, kwa hiyo mara mbili tulisimama kupishana na treni ya kurudi Dublin. Nayo ilikuwa 22000.

Kelele ipo, na ni lazima niseme. Mlima ukianza, injini iliyo chini yako inakwambia. Aliyezoea mchongoko, ambao ukiwa stesheni hausikii kitu, atalalamika. Kuna na hili pia: kichwa kimoja ni injini moja ya kumwagia oili, wakati treni ya mabehewa matano ni injini tano, filta tano, mikanda mitano. Anayezinunua lazima awe na karakana ya maana, la sivyo baada ya miaka mitano atakuwa na mabehewa yanayovutwa na wenzao.

Sligo tulifika baada ya saa tatu hivi. Mlima Ben Bulben, bapa juu kama meza, ulikuwa umejifunika ukungu nusu. Nilikunywa chai, nikarudi na treni ileile.

Jumatano, Dublin hadi Galway

Leo Heuston, kuelekea magharibi. Hadi Portarlington unapita njia kuu ya Cork, ambayo ni njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na hapo 22000 inakimbia kweli. Nilitazama simu: ilikuwa inagusa kilomita 158. Kikombe cha kahawa cha jirani yangu hakikutikisika. Portarlington tukaacha njia kuu, tukaingia njia moja, na mwendo ukapungua.

Hapa Ayalandi reli ni pana kuliko ya karibu Ulaya yote. Ni milimita 1,600, wakati SGR yetu, reli mpya ya mchongoko, ni 1,435. Katika miaka ya 1840 kampuni za hapa zilikuwa zimeanza kujenga kila moja kwa upana wake, ugomvi ukawa mkubwa, serikali ikaingilia kati na kuweka kipimo ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Ilibidi treni hizi zitengenezewe bogi, yaani fremu za magurudumu, za upana huo. Nikakumbuka kwamba sisi Tanzania tunazo tatu: mita moja kwenye reli ya zamani, 1,067 ya TAZARA, na 1,435 ya SGR. Pale Kidatu mzigo ulilazimika kushushwa kwenye treni moja na kupandishwa kwenye nyingine kwa sababu ya milimita 67. Waayalandi waliumaliza ugomvi wao mapema na leo treni moja inafika kila kona ya nchi.

Athlone unavuka mto Shannon juu ya daraja la chuma la mwaka 1851. Mto ni mpana, na treni inapita polepole kiasi cha kukuwezesha kuona boti zilizofungwa chini. Zamani njia ya kwenda Galway ilipitia Mullingar. Kipande cha Mullingar hadi Athlone kimefungwa na sasa ni njia ya baiskeli. Nimeona watu wakiisifia sana. Mimi roho iliniuma. Reli ikishafungwa, kuirudisha ni kazi ya kizazi kizima.

Kuingia Galway treni inapita kwenye tuta lililozungukwa na maji ya bahari. Stesheni inaitwa Ceannt, jina la mmoja wa viongozi waliouawa na Waingereza baada ya mapinduzi ya 1916. Mwaka 1966, miaka 50 ilipotimia, stesheni 15 zilipewa majina yao. Heuston ni mmoja wao. Connolly ni mmoja wao. Nilipojua hilo nilianza kusoma vibao vya stesheni kwa makini zaidi.

Alhamisi, Dublin

Mvua kutwa. Nimepumzika. Mdogo wangu alikuwa na zamu ya usiku, akaamka mchana tukasonga ugali.

Jumamosi, Dublin hadi Tralee

Leo nimekwenda na mpwa wangu. Ana miaka kumi na moja, Kiswahili chake kina lafudhi ya Dublin, na maswali yake hayaishi. Tulikaa kwenye meza, taa mbili zikiwa na majina yetu mawili, naye akasema, "Mjomba, tumekuwa maarufu."

Baada ya Portarlington, nje kidogo ya Portlaoise, nilimwambia aache simu atazame dirishani. Hapo ipo karakana kubwa iliyojengwa kwa ajili ya treni hizi na kufunguliwa mwaka 2008, yaani mwanzoni kabisa mwa maisha yake. Niliziona zimepangana, nyingine nusu yake iko ndani ya banda. Injini, gia na mfumo wa kupoza vimefungwa pamoja kwenye fremu moja. Injini ikileta matatizo, fremu nzima inashushwa, nyingine inapandishwa, behewa linarudi njiani, na fundi anabaki na ile mbovu mezani anaitengeneza bila mtu kumpigia kelele. Nimetengeneza mabasi miaka mingi nikiwa nimelala chini ya basi huku mwenye basi amesimama kichwani pangu akiuliza linatoka lini. Kwa hiyo nikitazama karakana ile niliwaonea fahari mafundi wa humo ambao sijawahi kukutana nao. Kununua treni ni rahisi. Hawa walipanga namna ya kuzitunza wakati zinaanza kazi, na ndiyo maana zipo njiani mpaka leo.

"Sasa injini moja ikifa?" mpwa aliuliza.

"Zilizobaki zinavuta."

"Mbili zikifa?"

"Utachelewa, lakini utafika."

Akafikiri. "Na ya kwetu Tanzania, ile yenye kichwa?"

"Kichwa kikifa, mwanangu, mnakaa hapohapo mpaka kije kingine."

Baada ya Mallow njia ikawa moja tena, milima ya Kerry ikaanza kujitokeza. Matangazo ndani ya behewa husemwa kwanza Kiayalandi, halafu Kiingereza, na mpwa wangu alikuwa anatamka majina ya stesheni pamoja na spika kabla haijamaliza. Wanafundishwa shuleni. Abiria mmoja mzee alimpigia makofi.

Killarney kuna jambo ambalo kila mpenda reli anapaswa kulishuhudia. Stesheni ilijengwa mwaka 1853 ikiwa ndiyo mwisho wa njia. Miaka michache baadaye reli ilipoendelezwa hadi Tralee, tawi jipya lilianzia nje ya stesheni. Kwa hiyo hadi leo treni inaingia, inashusha watu, inatoka kwa kurudi ilikotoka, halafu ndipo inashika njia ya Tralee. Ukiwa na kichwa na mabehewa, hapo ni usumbufu mtupu. 22000 ina chumba cha dereva kila ncha na injini kila behewa. Kwake mbele na nyuma ni mamoja. Watalii waliokuwa nasi walidhani tunarudi Dublin, mpwa wangu akawatuliza kwa lugha zote alizonazo.

Stesheni ya Tralee inaitwa Casement, na jina hili linatuhusu. Roger Casement, kabla ya kuwa shujaa wa Ayalandi, alikaa Kongo. Alipokuwa balozi mdogo wa Uingereza alisafiri mtoni mwaka 1903, akaandika ripoti iliyochapishwa 1904 kuhusu yale aliyoyaona chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji: vijiji vilivyolazimishwa kuleta mpira, watu waliokatwa mikono. Ripoti ile ilichangia kumnyang'anya Leopold ile nchi mwaka 1908. Aprili 1916 alishushwa na manowari ya Wajerumani kwenye ufukwe wa Banna, si mbali na hapa, akakamatwa, akaletwa Tralee, kisha akapelekwa Dublin na baadaye London, ambako alinyongwa tarehe 3 Agosti.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote tukiwa jukwaani. Nilimweleza mikono ilivyokatwa, sikupunguza, kwa sababu waliokatwa ni watu wa kwetu. Mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka Kivu, hakuna mzee asiyekuwa na simulizi ya wakati ule. Mtoto alikinyamazia kile kibao kwa muda, akaniuliza kama Wakongo wanajua kwamba kuna stesheni yenye jina hili. Nikamwambia wachache. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kalemie: ipo, Tralee, kusini-magharibi mwa Ayalandi, na treni zinafika kila siku.

Jumapili, Dublin hadi Rosslare

Safari ya mwisho ni ya kusini kwa pwani, kutoka Connolly. Kipande cha kwanza unapita chini ya nyaya za umeme, kwa kuwa njia ni moja na treni za mjini, huku 22000 ikiendelea kuchoma dizeli yake. Haina kifaa cha kuchota umeme ule. Hapa ndipo ninapoona upungufu wake waziwazi. Treni ya leo, ikitengenezwa upya, ingefaa iweze vyote viwili.

Kutoka Bray hadi Greystones reli imechongwa kwenye mwamba juu ya bahari. Aliyeipima ni Brunel, yule mhandisi Mwingereza. Unatoka handaki, unaona mawimbi chini ya dirisha, unaingia handaki jingine. Baadaye Wicklow, Arklow, Enniscorthy, na kuanzia hapo mto Slaney uko pembeni mwa reli hadi unapokutana na bahari.

Wexford treni inapita gatini, katikati ya mji. Si kando ya mji. Reli iko gatini palepale, boti za uvuvi upande mmoja, magari na maduka upande wa pili, na treni inatembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ikipiga honi. Mtu aliyekuwa ameketi na mbwa wake alinyanyua mkono, dereva akaitikia kwa honi fupi. Injini zote zilikuwa zinanguruma kwa chini kabisa, na kwa mara ya kwanza wiki hii niliweza kuzisikia kutoka nje kupitia dirisha dogo lililofunguliwa juu.

Rosslare Europort ni bandari. Meli zinakwenda Wales na Ufaransa. Jukwaa ni moja. Dereva aliteremka, nikamsalimu nikamwambia kazi yangu. Tulizungumza kama mafundi wanavyozungumza, kuhusu majani makavu yanayoteleza relini msimu huu wa Oktoba na jinsi magurudumu mengi yenye nguvu yanavyosaidia treni isiteleze. Kisha akachukua mkoba wake, akatembea hadi ncha ya pili.

Wakati wa kurudi niliandika kwenye daftari majina ya njia za kwetu ambazo hazitapata waya wa umeme leo wala kesho. Tanga hadi Arusha, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, na ambayo abiria walirudishiwa mwaka 2019 hadi Moshi, na 2020 hadi Arusha. Kaliua hadi Mpanda. Abiria wapo, ila si wa kujaza mabehewa kumi na tano kila siku. Wangetosha mabehewa matatu, asubuhi na jioni, yanayojisukuma yenyewe. Najua nitaulizwa kama zinapatikana za upana wa reli yetu. Zinapatikana. Treni za dizeli za namna hii ambazo Kenya ilizinunua zikiwa zimeshatumika, na zikaanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2020, zilitoka kisiwa cha Majorca, Hispania. Reli ya kule ni ya mita moja, na ya Tanga ni mita moja.